Mkulima wa Bangi Niliyemfanya wa Ufuta

Mzee wangu wa kisiwa cha Koyama amefariki. Tumemzika Jumanne hapa Mombasa, na binti yake wa pekee, aliyeko Ulaya, ameyasikia mazishi ya babake kwa simu niliyoishika mimi kando ya kaburi. Wasomaji wangu mmenizoea kwa utani. Leo sina.

Nilimjua katika kambi ya wakimbizi, watu wa visiwani walipokimbia vita, nami nikiwa mkalimani. Kwao walivua, na mvua zikianza wakavuka kwenda bara kulima ufuta kandokando ya msitu uliowapa asali, dawa na mbao za vyombo. Wenye bunduki walipofika waliung'oa ufuta wake ukiwa na maua, wakafyeka msitu, wakamlazimisha kupanda bangi. Alinisimulia akicheka jinsi alivyobakisha mstari mmoja wa ufuta pembeni, akawaambia kwamba unafukuza wadudu, nao wakaamini. Kicheko kilipokwisha akasema kuwa mkewe alifia shamba hilohilo, akiipalilia bangi yao.

Siku ya mahojiano ya kuomba kumfuata bintiye Ulaya, afisa alimuuliza alikuwa akilima nini. Akajibu bila kupepesa macho: bangi, kwa kulazimishwa. Mimi nikaogopa kwamba afisa ataisikia bangi, asiisikie bunduki. Nikatafsiri: ufuta. Nikajiona mwerevu, nimemwokoa mzee wa watu. Miezi ikapita, akaitwa tena, mkalimani akawa mwingine, naye mzee akajibu vilevile: bangi. Wakalinganisha karatasi, wakasema mzee huyu ni mwongo, wakafunga faili.

Miaka baadaye nilimwendea chumbani kwake Kisauni, nikamwambia yote. Mlangoni alikuwa ameotesha ufuta ndani ya dumu lililokatwa.

"Mwanangu, mimi ni mchu mzima," akasema, mchu kwao ikiwa ni mtu. "Ungeniachia maneno yangu."

Kisha akanimiminia chai, na chai ile ndiyo iliyonivunja.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Yangu ilikuwa fupi kweli, ila aliyefikia mwisho wake ni yeye. Sisi wenye kalamu na ndimi mbili tunapenda kuwaosha wanyonge kabla ya kuwapeleka mbele ya wakubwa, kana kwamba dhuluma waliyotendewa ni uchafu wao. Mzee hakuhitaji kuoshwa. Alihitaji mtu wa kuyafikisha aliyoyasema.

Tulipomaliza kufukia, binti aliniuliza kwa upole, simu ikiwa bado mkononi mwangu, kwa nini babake alikataliwa. Safari hii nilijibu neno kwa neno. Akakata simu, na sijampigia tena.