Wati Elfu Tatu za Shemeji

Khisa alipotoka Bungoma alisema anakwenda Kampala mwezi mmoja tu. Sasa ana mke na watoto watatu, na mwezi wenyewe bado haujaisha. Ni mwendesha bodaboda, mwenyekiti wa steji ya kusubiria abiria iliyo chini ya mlima wa Kyambogo, mtu mnene wa maneno mengi, anayependa kuaminiwa kuliko kula, ingawa kula nako anakupenda.

Steji ile ina desturi yake. Kitu kipya, hata kama ni tairi tu, hujaribiwa kwanza na mwenyekiti. Anapakia magunia mawili ya viazi, anapanda mpaka juu kwenye chuo kikuu, akirudi anatoa neno. Akisema kinafaa, wengine hawaulizi tena. Khisa mwenyewe ndiye aliyemsimulia Oyat desturi hiyo. Oyat ni kaka wa mkewe, Lakica, na siku hiyo alikuwa amekuja kula kwao. Ana karakana Nakawa, ambako anatoa injini za petroli za pikipiki na kufunga mota ya umeme ndani ya gurudumu la nyuma. Alisikiliza vizuri sana, na akamwongezea shemeji yake nyama.

Haukupita muda akamfungia Khisa mota. Kwenye kifuniko iliandikwa wati elfu tatu. Khisa hakujua wati ni mnyama gani, lakini mlima aliujua. Akapakia magunia, akapanda, akashuka, akarudia. Alipogusa gurudumu, lilikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa.

"Inafaa," akasema.

Wakaenda kwa Oyat karibu wote, Ajwang akiwa wa kwanza, na Celestine, mwanamke pekee wa steji, akamfuata. Kila mmoja alirudi na kifuniko kilekile, wati zilezile elfu tatu. Petroli ikawa habari ya zamani.

Kisha wanafunzi wakarudi chuoni na masanduku na magodoro yao, ikawa kupanda mlima kutwa nzima. Mota ya Ajwang ilianza kunuka, ikafia katikati ya mlima na abiria juu yake. Ya Celestine ikafuata, kisha nyingine. Ya Khisa iliendelea kupanda. Mazungumzo ya wenzake yakaanza kukatika alipofika.

Alipomsaidia Ajwang kulitoa gurudumu, Khisa alilinyanyua kwa mkono mmoja. Akashtuka. La kwake, siku alipolipeleka kuzibwa pancha, alilitua chini njiani apumzike.

Akalichukua gurudumu la Ajwang hadi Nakawa, akalitua mbele ya Oyat.

"Hii na yangu si iko namba moja?"

"Namba iko moja, shemeji, na si uongo," Oyat akasema, wala hakuacha kufunga skurubu. "Hii pia inatoa elfu tatu, lakini kidogo tu, ya kutoka kwa shimo. Ukikaza sana, inaungua. Ya kufanya kazi siku mzima ni nusu. Yako ndiyo inatoa elfu tatu siku mzima."

"Na mbona mimi ukanipa tofauti?"

Oyat aliinua uso, akamshangaa kweli.

"Wewe uko bwana ya dada yangu. Mimi naweza kukupa ya kuungua?"

Khisa alikosa pa kuishika hasira yake. Angepewa mbovu kama wenzake, angekuwa ameibiwa tu, na angelalamika pamoja nao. Huyu alimchagulia iliyo nzuri ili mdomo wake uwauzie wengine zile mbovu. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu Oyat alidhani amemtendea wema.

"Twende steji uwaambie hivyo," akasema.

"Mimi niwaambie nini? Hakuna mtu aliniuliza wati. Waliuliza wewe."

Khisa akarudi peke yake. Aliwaeleza wenzake yote, nusu na elfu tatu, shimo na mlima, akiapa kwa watoto wake kwamba hakujua. Walimsikiliza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Kwa hiyo shemeji yako alidanganya sisi wote," Ajwang akasema taratibu, "ikatokea tu kwamba wewe akakusahau."

Kabla hajajibu, mama mmoja alifika na gunia la unga, akitaka kupelekwa juu chuoni. Zamu ilikuwa ya Celestine, ambaye mota yake iliyoungua ilikuwa imefungwa nyaya upya juzi tu, nayo hakuiamini. Hakuinuka.

"Nyabo, wewe enda na mwenyekiti," akasema, bila kumtazama Khisa. "Ya kwake inafika."

Khisa akalifunga gunia. Mlima ukaanza, na pikipiki ikaupanda bila kuhema. Huko nyuma mama aliisifu, akauliza mota nzuri kama ile hufungwa wapi. Khisa, mtu wa maneno mengi, hakumjibu.