Simu ya Mama Feza imeanza kusema, na nyumbani hawakufurahi

Wakuu, hamjambo huko muliko? Niko Kalemie, huku Kongo. Haya sikusimuliwa na mtu, yametokea nyumbani kwetu nikiwepo.

Mama mukubwa wangu, Mama Feza, anauza ndagala, yaani dagaa, sokoni tangu sijazaliwa. Macho yamemwacha polepole, sasa anaona mwanga tu.

Ndagala anazijua kwa vidole na pua. Hapo humdanganyi.

Shida ilikuwa simu. Kila message ikiingia, binti yake Alphonsine ndiye anamsomea, na ndiye anajibu.

Nikamwambia mama simu inaweza kumsomea yenyewe. Akasema, "Basi iseme, tusikie."

Nikaingia Paramètres, yaani mipangilio, kisha Accessibilité, nikawasha TalkBack, ile sauti inayosoma kilicho kwenye kioo. Wee! Simu zetu huku ziko kwa Kifaransa, basi ikasoma Kiswahili kwa mdomo wa Kifaransa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nikapakua sauti ya Kiswahili, ikanyooka.

Sasa hapa ndipo wengi tunakwama.

TalkBack ikiwaka, ukigusa mara moja inasoma tu. Kufungua ni kugusa mara mbili harakaharaka. Na kwetu simu ya mama ni ya nyumba nzima. Alphonsine anaishika, haifunguki, anasema imeharibika, anamtafuta mtu wa kuizima ile sauti. Nikirudi nakuta mama ameshika simu bubu. Nawasha, wanazima. Nilikasirika kweli, siwafichi.

Nikaweka raccourci, njia ya mkato: unabana vitufe vyote viwili vya sauti pamoja, unashikilia kidogo, TalkBack inawaka. Mama akajizoeza mpaka vidole vikakubali. Wakizima, anawasha mwenyewe.

Siku moja tumekaa uani tunachambua ndagala, simu ikalia. Akafuta mikono, akabana vitufe, akagusa. Ilikuwa message ya mtoto wake Jérôme, anayeishi Kongolo. Simu ikaisoma yote kwa sauti:

"Alphonsine, usimusomee mama hii. Ile meza ya sokoni tumupe mutu ingine. Mama akae nyumba, haoni tena."

Nilikosa pa kuangalia. Walikuwa wanamjadili ndani ya simu yake mwenyewe! Iliniuma sana.

Mama hakulia. Aliniuliza tu abane wapi ili aongee. Akatuma sauti:

"Jérôme, ni mimi mama yako. Simu inanisomea sasa. Meza ni yangu, na kesho niko sokoni."

Nilichojifunza: ukimwekea mzazi TalkBack, usiishie kuwasha. Weka raccourci, mfundishe yeye mpaka aweze peke yake, halafu wafundishe wa nyumbani namna ya kugusa. Alphonsine ameshajua, na siku hizi akitaka simu anaomba kwanza.

Wenye iPhone watueleze kwao inakuwaje, mimi sijawahi kuigusa. Na kama kwenu kuna mzazi anasomewa message, tuambieni anasomewa zote?

Jérôme mpaka sasa hajajibu. Mama yuko sokoni, amenituma nimpelekee mifuko ya kufungia ndagala.