Nguzo ya Kinyozi Alvin

Wewe ungekubali kung'oa mlango wa nyumba yako kwa sababu tu mgeni ameusifu? Mimi nisingekubali. Lakini Alvin Tollefson, kinyozi wa mji wetu mdogo hapa Iowa, hajui kumwambia mtu hapana, na nusura apoteze nguzo yake, ile inayosimama nje ya mlango kama alama ya duka la kinyozi.

Nguzo hiyo ya msonobari aliichonga babu yake, akaizungushia mistari myekundu, myeupe na ya buluu. Wekundu, wanasema, unakumbusha enzi ambazo kinyozi ndiye aliyewaumika watu damu. Zilipokuja nguzo za kioo zinazozunguka kwa umeme, vinyozi wengi walizipasua zile za mbao zikawa kuni. Babu yake Alvin alikuwa bahili, hivyo yake ikasalia. Leo matajiri wanazitafuta kwa udi na uvumba wazisimamishe sebuleni.

Kila mwaka, kabla ya gwaride la kuwakumbuka waliokufa vitani, wenye maduka hupaka rangi upya. Alvin kila mwaka husema, "Mwakani." Kwa uvivu huo, rangi ya babu imebaki ileile, imepasukapasuka kama tope lililokauka. Na hiyo ndiyo iliyomtoa udenda Rosalind Achterberg, mkusanyaji wa vitu vya kale.

Juzi nilikuwa nimekaa kitini, povu shingoni, mama huyo alipoingia.

"Mzee Alvin, kesho asubuhi naja na gari na mablanketi kuichukua ile nguzo. Usiifute hata vumbi. Ile rangi ya zamani ndiyo mali yenyewe. Bila hiyo ni gogo tu."

"Karibu, mama," Alvin akajibu.

Alipotoka, nikawaka. "Mzee, unamkaribisha aje kutuibia?"

"Ningemwambiaje? Amekuja kwa adabu."

"Mji mzima umeiegemea ukisubiri zamu. Iliumbwa iite watu barabarani. Kuifungia ndani ionyeshwe wageni ni kuiua."

"Chuo kimekufundisha kuhutubia. Tulia, nina wembe mkononi."

"Lakini wewe mwenyewe unataka iende?"

Akaufuta wembe taratibu. "Sitaki. Nikiiona asubuhi ndipo najua niko kazini. Ila kumkatalia mtu usoni siwezi. Hata mke wangu, yeye ndiye aliyenichumbia."

Kesho yake nilirauka, nimejiandaa kusimama mbele ya gari hilo. Nikamkuta Alvin juu ya ngazi, amevaa aproni yake ya kunyolea, anapiga mluzi. Mistari myeupe na ya buluu ilikuwa tayari inang'aa, mibichi; sasa alikuwa kwenye mwekundu. Jirani wa ng'ambo ya barabara akampigia kelele, "Alvin, unaumwa?"

Gari likafika. Rosalind akashuka na blanketi mkononi, akaganda.

"Mzee Alvin, umefanya nini?"

"Gwaride ni wiki hii, mama. Kila mwaka majirani wananicheka."

"Umeiharibu. Hakuna mkusanyaji atakayeitaka tena."

"Pole, mama. Ila jioni itakuwa imekauka. Nikupunguze nywele kidogo? Leo ni bure."

Mama akaitazama nguzo kwa muda mrefu, akalitupa blanketi garini na kuondoka bila kuaga. Alvin akampungia kwa brashi. Tone jekundu likamdondokea kiatuni. Hakuligusa; akageuka, akaendelea na mstari aliouacha katikati.