Kadi za Tausi za Bi Mwamvua

Mtaani kwetu Kikwajuni, mjini Unguja, mama yangu Mwamvua alijulikana kwa jambo moja: alinunua nguo za sikukuu baada ya sikukuu kupita. Wiki ile wenzake wamechoka, wamebakiwa na masufuria ya kusugua na watoto waliokwishamaliza pesa za mkono wa Idi, yeye alivaa buibui lake, akachukua kikapu, akatushika mikono mimi na dada yangu Hija, tukaenda madukani Mchangani kununua nguo za sikukuu ya mwakani.

"Mwamvua," jirani yetu Bi Wanu alikuwa akimwambia tukipita mlangoni kwake, "wenzio tunatoka sikukuu, we ndo kwanza unaingia?"

"Nnawahi foleni," mama hujibu, wala hasimami.

Baba alikuwa mchukuzi bandarini. Alifariki mwaka 1984, Hija ana miaka minane na mimi mitano. Mama akabaki na mshahara wa kupika chai katika ofisi moja ya serikali kule Vuga. Mshahara ule ulitosha unga, mafuta ya taa na kodi ya chumba, na baada ya hapo haukuwa na la kusema. Na kama kawaida ya mambo, ilikuwa ni miaka hiyo hiyo maduka yalipoanza kujaa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sukari na sabuni tulikwenda Darajani kutazama tu. Vitambaa kutoka Dubai vilitundikwa hadi nje, satini, lesi, poplini za maua makubwa, na harufu ya nguo mpya ikatoka milangoni kama harufu ya mkate. Mpaka leo nikifungua jora la kitambaa naikumbuka barabara ile, na mkono wa mama ukinivuta nisiguse.

Duka tulilonunua sisi lilikuwa la Bwana Ammar Khalil. Lilikuwa jembamba, majora yamepangwa mpaka darini, naye mwenyewe mrefu, mkimya, mwenye fimbo ya kupimia wari, yaani yadi, aliyoishika hata asipopima. Mwaka 1987 alirudi safarini na jambo ambalo Mchangani hatukuwahi kuliona. Alikata makaratasi magumu kiasi cha kiganja, akachonga muhuri wenye picha ya tausi. Kila ukinunua, alikupigia tausi mmoja wa wino wa zambarau kwenye kadi yako. Tausi wakifika kumi, ulichagua kitambaa chochote dukani, wari nne, bila kulipa.

Watu walicheka. Wengine walizitupa kadi zile mlangoni kabla hawajafika hata kwenye kona. Mama aliisoma yake mbele na nyuma, kisha akauliza, "Bwana Ammar, na mtu akinunua wakati duka halina watu?"

"Unakusudia nini, Bi Mwamvua?"

"Kumi la mwisho la Ramadhani hapa hapapitiki, wewe huna haja ya kumvuta mtu. Lakini Mfunguo Mosi, sikukuu ikishapita, unakaa unapunga nzi. Mtu akija siku hizo si anastahiki tausi wawili?"

Bwana Ammar akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. "Wallahi, wewe ungekuwa na duka tungefunga sote." Akampigia wawili. Tangu siku ile ikawa ndiyo kanuni ya duka: baada ya sikukuu, bei inashuka na tausi ni wawili.

Basi hivyo ndivyo tulivyovaa. Sare za shule zilinunuliwa muhula ukiwa umeshaanza, viatu vilinunuliwa vikubwa na kujazwa pamba mbele, na vitambaa vya sikukuu vililala mwaka mzima ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na karafuu kavu zimefungwa kwenye kitambaa ili wadudu wasiingie. Mama alishonesha mapema pia, mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, wakati fundi hana kazi na hana kiburi. Siku ya sikukuu tulinukia karafuu kutoka kichwani hadi miguuni, na nilidhani watoto wote wa Unguja wananukia hivyo.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ndipo nilipojua kuwa sivyo. Mwaka ule wasichana wote walishona mikono ya puto, iliyojaa juu begani na kubana kwenye kiwiko. Sisi nguo zetu zilikuwa zimeshonwa tangu Rajabu, mikono imelala, na kola pana za mwaka uliopita. Tulikwenda Mnazi Mmoja kwenye viwanja vya sikukuu, kwenye pembea na urojo na mabaluni, na Maha, binti wa Bi Wanu, akanizunguka mara moja akanitazama mgongoni.

"Nadra, hii si nguo ya sikukuu iliyopita?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtoto anavyouliza. Lakini wenzake walicheka, nami nikarudi nyumbani peke yangu, pesa yangu ya mkono wa Idi sijaitumia hata senti. Mama alikuwa akipakua biriani. Nikamwambia, "Sisi ni watu wa mabaki. Kila kitu chetu watu washakimaliza."

Alinipakulia, nikakataa kula, akafunika sahani.

Siku ya kumi baada ya sikukuu alinichukua Mchangani, mimi peke yangu. Akamwomba Bwana Ammar ashushe jora moja la satini ya rangi ya chungwa. Akaniwekea ncha yake mkononi.

"Hiki ndicho kitambaa cha Maha. Bei yake imeshuka nusu. Kimeharibika?"

"Hakijaharibika."

"Siku kumi tu zimepita. Kuna mtu kakichafua?"

"Hapana. Lakini mama," nikamwambia, "siku yenyewe sikuwa nacho."

Nakumbuka uso wake. Nilitegemea ataghadhibika. Badala yake alipitisha kidole juu ya satini ile, mwisho akasema, "Kweli. Siku yenyewe hukuwa nacho." Akanunua wari nne, akapigiwa tausi wawili, tukaenda zetu.

Kuanzia mwaka ule alibadilisha mambo. Kitambaa aliendelea kununua baada ya sikukuu, lakini hakukipeleka kwa fundi. Alisubiri Ramadhani iingie, akawa anapita madukani na kusimama mbele ya nguo zilizotundikwa, akizisoma mikono na kola, kisha anarudi kukata. Shida ikawa fundi. Kumi la mwisho mafundi wote wa mitaa yetu ya Ng'ambo hawapokei kazi, na anayepokea anataka mara mbili. Kwa hiyo mama akajifunza kushona. Akitoka ofisini alikwenda kwa shoga yake mmoja wa Miembeni mwenye cherehani, akamfulia nguo naye akafundishwa. Mwaka wa kwanza mkono wangu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Mwaka wa tatu Maha aliniuliza nani katushonea.

Kadi za tausi zikawa zinajaa, naye hakuzitumia tena. Alizifunga kwa uzi ndani ya msahafu wa baba. Alisema ni za harusi ya Hija. Zilipofika nne, ni wari kumi na sita, bibi harusi kavaa na dada yake kavaa na kunabaki cha mto.

Mwaka 1995 Hija alishaposwa, na harusi imewekwa Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Miezi miwili kabla, habari zikaenea Mchangani kwamba Bwana Ammar anafunga duka. Kaka yake alikuwa Maskati, kamwita, naye anamchukua mama yake mzee wanaondoka. Mama alisikia ofisini, akaacha birika jikoni, akaenda mbio. Nilikuwa nimetoka shule, nikakutana naye njiani nikamfuata.

Duka lilikuwa tupu. Rafu zilionekana mbao zake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla, na Bwana Ammar alikuwa anafunga kifurushi.

"Bi Mwamvua," akasema, na aliona haya kweli, "ungekuja juzi. Jana wenye maduka wenzangu wamechukua kila kitu kwa jumla. Zimebaki poplini mbili za bitana na haya magunia ya vipande."

Mama akaziweka kadi nne juu ya meza. Tausi arubaini wa zambarau, wa miaka na miaka, wengine wamefifia.

"Sina la kukupa linalolingana na kadi hizi," Bwana Ammar akasema. "Nitakupa pesa kidogo, utakavyoona wewe."

Kutoka juu ngazini ikaja sauti ya mwanamke mzee. "Ammar!"

"Naam, mama."

"Nani huyo?"

"Mteja, mama. Bi Mwamvua wa Kikwajuni."

"Yule wa Mfunguo Mosi? Mlete."

Tukapanda. Bi Tamima alikuwa amekaa kwenye kitanda kirefu, macho yamefunga ukungu, na vitu vya safari vimemzunguka.

"Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mkononi hizo kadi zinazogombewa."

Mama akampa. Bibi yule akazipapasa moja moja, pembe hadi pembe, kama mtu anayechagua mchele.

"Hazina hata kunjo," akasema. "Ammar, mtu kakaa na vikaratasi vyako miaka yote hii, hata maji havikupata, leo unamwambia hamna?"

"Mama, duka ni tupu."

"Duka tupu, nyumba si tupu." Akamgeukia mama. "Mwanangu, unajua kushona?"

"Nnajua kidogo."

"Pale pembeni, chini ya shuka, pana cherehani ya mkono. Nimeinunua kwa pesa yangu nilipokuwa bibi harusi. Ammar anataka kuiburuza mpaka Maskati kwa kunifurahisha, na mimi hata sindano siioni. Ichukue. Na hayo magunia ya vipande umpe, Ammar, usije ukayafanya tambara."

Mama alikaa chini pale pale sakafuni, akashika mkono wa Bi Tamima akaubusu, na ndiyo mara ya kwanza tangu kufa kwa baba kumuona analia mbele ya watu.

Mwenye mkokoteni alituletea vitu nyumbani. Hija alikuwa barazani. Alipoelewa kuwa kadi zimekwenda na kitambaa cha harusi hakuna, aliingia ndani, na siku mbili hakusema na mama ila salamu. Alikuwa na haki yake. Siku ya tatu alimkuta mama kamwaga vipande vyote sakafuni, anavipanga kwa rangi, vyeupe na vya rangi ya malai upande mmoja, lesi upande wa pili. Hija akapiga magoti, akachukua kipande cha lesi, akakilinganisha na kingine. "Hivi vinakubaliana," akasema. Gauni lake lilikuwa na vipande thelathini na saba, mimi nilivihesabu wakati wa kupiga pasi, na mtu aliyekaa mbali aliona gauni moja tu jeupe. Bi Wanu aliligusa, akaguna, akamuuliza mama atamshonea lini Maha.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Baada ya miaka mitatu aliacha ofisi. Ukimletea kitambaa Rajabu au Shaabani alikushonea kwa bei ndogo, na alikata mwili wa nguo tu, mikono na kola akaziacha mpaka mtindo wa mwaka ujulikane. Aliwapa wateja kadi zake mwenyewe, kachora kwa kalamu ua la asmini, na nguo ya sita ilikuwa bure. Mwanamke mmoja aliyeolewa Mangapwani alitaka kuwapa zawadi watoto yatima wa kaka yake, na alichelea kuwa akituma pesa italiwa njiani. Mama akamwandikia karatasi: "Mwenye karatasi hii ashonewe nguo moja ya sikukuu, ishalipwa." Habari zikasambaa, na Ramadhani mbili tatu zilizofuata watoto walikuja mlangoni wameshika karatasi zile kwa mikono miwili. Walipimwa mmoja mmoja, wamesimama wima kama askari.

Nguo zilizoshonwa tayari ndizo zilizomaliza kazi ile. Zilianza kuja kwa mifuko kutoka Dubai, baadaye Uchina, bei yake ndogo kuliko kitambaa na uzi. Mwaka 2005 mama alishona nguo nne tu Ramadhani nzima. Hakunung'unika. Alisema mgongo wake ulikuwa unaomba ruhusa siku nyingi.

Sasa anakaa kwangu Kiembe Samaki. Sikukuu iliyopita, siku ya pili, watoto wangu walikuwa wamekwenda Mnazi Mmoja na nguo zao za dukani, na sisi tumekaa barazani, ndege zinashuka juu ya vichwa vyetu kwenda kutua uwanja wa ndege. Nikamuuliza ni kipi anachokikumbuka zaidi katika mambo yale. Nilidhani atasema harusi ya Hija, au Bi Tamima, ambaye tulisikia kuwa alifariki huko huko Maskati.

Akacheka kidogo.

"Duka likiwa halina watu," akasema. "Ramadhani ukienda unasukumwa, hata jina lako hawalijui. Mfunguo Mosi nikiingia mie, Bwana Ammar ananiwekea kiti. Anaagiza kahawa. Anashusha jora baada ya jora, anakunjua, anasema, 'Na hiki, Bi Mwamvua? Na hiki?' Nami nishaamua zamani nitanunua kipi, lakini namwambia, shusha na kile cha juu kabisa, nikione."