Muuza Miwani na Sinema Zisizo na Haraka

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa katikati ya mji, nimeagiza chai: muuza miwani wa mtaa wa Hurlingham amefariki, mazishi Ijumaa. Nilimfahamu kwa miaka michache tu, nanyi mnaonisoma kila wiki mnajua siandiki tanzia ya kila niliyesalimiana naye. Lakini chai ile sikuinywa.

Kila Jumamosi alasiri, akishafunga duka, marehemu alitundika shuka jeupe juu ya lile bango la herufi za kupimia macho, akapanga viti vya wateja, akatuonyesha sinema za nchi za mbali zisizo na bunduki wala kufukuzana. Farasi amesimama kwenye ukungu. Mwanamke anamenya viazi hadi jua linatua. Alisema hizo ni sinema za kishairi, na shairi halina haraka. Mwanzoni tulijaa, wengi wakiwa wateja walioona haya kumkatalia. Mshonaji wa duka la jirani, asiyejua kunyamaza, alimwuliza siku moja, "Daktari, hiyo mvua imenyesha tangu tuingie na hakuna mtu ameanua nguo. Sasa hii sinema itaanza saa ngapi?" Sote tulimwita daktari, ingawa hakuwa. "Ishaanza, mama," akamjibu. "Wewe angalia tu mvua."

Siku nyingine tulibishana kwa hamaki kuhusu mzee wa sinema moja aliyezikwa mwanzoni, kisha akaonekana tena akinywa uji. Mmoja wetu akashikilia kwamba huo ni ufufuo wa roho. Kumbe daktari alitanguliza diski ya pili. Alicheka hadi akavua miwani na kujifuta machozi. Nilishangaa tu kwamba hata yeye hakuwa ametambua.

Kisha watu wakahamia maghorofa mapya ya Kilimani, kila mmoja akanunua mashine yake ya kuonyeshea sinema, na diski zikauzwa kando ya barabara kama ndizi. Nani tena angekuja kukalia viti vya duka la miwani? Tukabaki mimi na yeye. Nikichelewa, nilimkuta ameketi mbele ya shuka tupu, mashine hajaiwasha. "Nilikuwa nakungoja," alisema.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake mtaa wa Satellite, na dada yake akanivuta kando. "Ni wewe mlikuwa mnaangalia sinema na yeye? Hapa hakuna hata tivii. Mke wake alipokufa tulimletea moja, akairudisha. Alisema hawezi kuangalia kitu peke yake."

Niliumia, wasomaji wangu. Miaka yote hiyo nilidhani mtu huyu anatufundisha kutazama sinema, kumbe alitafuta wa kuketi naye, na sinema ndefu ndizo zilizotuchelewesha kuondoka. Jiji hili lina wengi kama yeye. Mtu akikualika kwenye jambo lake, hata usipolielewa, nenda ukakae. Jumamosi hii mimi sikuwa na wa kunialika.