Maji ya Kusuuzia Kompyuta

Kompyuta ninayohariria video za harusi hapa Masasi ilikuwa inapata moto mpaka inajizima yenyewe, mara nyingine bibi harusi akiwa ndiyo kwanza ameshika kisu cha keki. Feni zilikuwa zinavuta vumbi jekundu tu. Nikaamua kuipoza kwa maji. Majirani wakanicheka: umeme na maji kwenye sanduku moja?

Nilichagua vifaa mwezi mzima kwenye simu. Bamba linalokaa juu ya prosesa lilikuwa la shaba, kwa hiyo nikaikataa rejeta ya alumini ya kupozea maji hata kama ilipendeza, maana shaba na alumini zikichangia maji hulana polepole. Yale maji ya rangi, ya buluu na zambarau, nayo niliyaacha kwa sababu huacha mashapo. Nikaenda duka la spea kununua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia utando wa kijani. Muuzaji akauliza betri ya gari gani. Nilipomwambia ni ya kompyuta, alicheka mpaka akakaa chini.

Siku nilipowasha nilipigwa na butwaa. Nusu lita ya maji, kimya kimya, inabeba joto, inalitua kwenye rejeta, inarudi kuchukua jingine! Mimi nimezaliwa Newala, ambako maji hufuatwa bondeni au hukingwa kwenye bati mvua ikinyesha. Sikuwa nimewahi kuona maji yanafanya kazi kutwa nzima na yasiishe. Niliacha kazi, nikakaa kuyatazama.

Lakini kosa nilikuwa nimeshalifanya. Maelekezo yalisema rejeta mpya isuuzwe, na maji ya kusuuzia yamwagwe, tena na tena. Mimi nimwage maji meupe? Kwetu maji yaliyooshea mchele huosha vyombo, kisha huenda kwenye mpapai. Nikayachuja kwa kipande cha kanga, nikayarudisha ndani, nikajiona mjanja kweli.

Baada ya wiki tatu joto likaanza kupanda tena. Siku hiyo mama alikuwa amekuja kutoka Newala kunijulia hali. Yeye ndiye aliyekodisha mikorosho yake kwa misimu miwili ili nipate hiyo mashine. Nikaifungua mbele yake. Vile vijia vyembamba vya kwenye bamba vilikuwa vimezibwa na tope la kijivu. Prosesa ikiungua, hatuna mashine wala korosho.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Uchafu, mama. Nilisuuza, halafu maji sikuyamwaga."

"Ungemwagaje maji?" Alishangaa kweli.

Nikamweleza kwamba sasa lazima nisuuze kwa dawa, kisha kwa maji ya betri mpaka yatoke safi, na yote yaende shimoni. Yana dawa, hata kuku hapewi. Nikanunua chupa sita za maji hayo. Nilisuuza kwa maji ya chupa ya kwanza, nikayarudisha chupani, nikaibeba mpaka mlangoni, nikasimama pale kama mjinga. Mkono ulikataa.

Mama akainuka. Alikuwa ameteremka bondeni na ndoo tangu akiwa msichana mpaka nilipoanza shule, na niliwahi kupigwa kwa sababu ya kikombe kimoja kilichomwagika. Akaniuliza, "Ukimwaga, itapona?"

"Itapona."

"Lete hapa."

Akawa anamwaga yeye, mimi nasuuza. Chupa ya kwanza aligeuza uso pembeni. Ya pili na ya tatu zilikuwa nyeusi, hazikumsumbua. Baadaye kompyuta ilipona kweli, na video ya harusi iliyokuwa inasubiriwa niliikabidhi Jumamosi niliyoahidi.

Lakini siku ile, chupa ya sita ilitoka safi kabisa, huoni hata chembe. Mama akaiinua kwenye jua, akaizungusha, akainusa.

"Na hii?"

"Na hiyo, mama."

Akaimwaga taratibu, mpaka tone la mwisho.