Mbao Nane Juu ya Jiko

Telesphor, fundi seremala wa Majimoto, alikuwa na mbao nane ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuziulizia bei. Zilikaa juu ya jiko la nje, zimelazwa chini ya bati, na moshi wa miaka ishirini na sita ulikuwa umezifanya nyeusi kama sufuria ya ugali. Ndani zilikuwa mninga mtupu, ule mti wa mbao nyekundu. Nne ndefu zilikuwa za jeneza lake, maana yeye ni mtu wa kuinama kila mlango. Nne fupi zilikuwa za mkewe, Marsela.

Si kwamba walikuwa na haraka ya kufa. Mama yake Marsela alifariki mwaka wa mafuriko, njia zote zimekatika, akazikwa kwenye mkeka uliokwisha kulowa kabla haujafika kaburini. Marsela alikuwa binti wa miaka kumi na minne, na ndiye aliyeshika upande wa miguu. Alipoolewa hakudai vitenge wala cherehani. Alimwomba mumewe jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika alale kwenye mbao kavu. Telesphor akaahidi. Walipopata kibali cha kuangusha mninga uliokuwa shambani kwao, aliupasua, akachagua mbao nane pana zilizonyooka, akazipandisha juu. Kila baada ya mavuno alizishusha, akazipangusa masizi, akazigeuza na kuzirudisha. Watoto wao walikua wakijua kwamba juu ya ugali wao kuna majeneza ya wazazi, na wala hawakukosa usingizi kwa ajili hiyo.

Sasa, sekondari ya wasichana iko ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na siku moja ya Januari Sista Scolastica alitoka huko akaingia karakana ya Telesphor na sanduku la bati mkononi. Ndani mlikuwa na kete za sataranji, za mti, zilizoachwa shuleni na padri mmoja wa zamani. Ubao wake ulikuwa umeliwa na mchwa wakati wa likizo, ukabaki unga. Sista alikuwa akiwafundisha wasichana mchezo huo, wenyewe wakiuita chesi, na alitaka ubao mpya.

Telesphor alikwisha kutengeneza drafti nyingi za vijana wa bodaboda, zile za plaiwudi na rangi, zinazochezwa kwa vizibo vya soda. Akaona ubao ni ubao.

"Njoo wiki ijayo, Sista," alisema.

Sista alimwekea masharti mawili. Askari wanne, zile kete ndogo kuliko zote, wasimame ndani ya mraba mmoja bila kusukumana, na wala wasipwaye. Halafu asipake vanishi, maana taa ikimulika mtoto ataiona taa badala ya mchezo. Alipoondoka, Telesphor alizitoa kete moja moja. Mfalme alikuwa mzito chini, ametiwa madini ya risasi tumboni ili asianguke ovyo. Farasi alichongwa nyuzi za mti zikipanda juu, shingo isije ikakatika. Hakujua mchezo, lakini alijua kazi, na aliyezichonga kete zile alikuwa fundi. Roho ilimwambia na yeye aoneshe yake.

Alichukua mninga uliopasuliwa mwezi uleule, akaukata miraba, akaigundisha na miraba myeupe ya msonobari. Ukapendeza. Ulipofika Julai na upepo mkavu, kati ya mraba na mraba ulipita ukucha, na mfalme alisimama amelalia upande kama mlevi. Ukarudishwa. Mara ya pili akasema kosa ni unyevu, akazianika mbao juu ya bati wiki tatu. Jua likakausha nje tu, ndani kukabaki kubichi, na ubao ukajikunja kama kipande cha mhogo juani. Huo nao ukarudi, umefungwa nyuma ya bodaboda. Sista hakusema neno baya hata moja, na Telesphor angeona afadhali angesema.

Aliugeuza ule ubao ukautazama ukuta. Kisha akaanza kuchelewa karakana, kisha akaanza kutokwenda, akisingizia goti. Yeye ndiye aliyetengeneza milango ya kanisa. Yeye ndiye aliyetengeneza madawati ya shule mbili. Na sasa ameshindwa na kitu cha watoto kuchezea. Wiliam, aliyejifunza kazi kwake na sasa ana kibanda chake jirani, alikuja kumtia moyo.

"Mzee, nyie wa zamani mnajipa presha bure. Piga rangi, wachezee tu, mbona fresh."

Telesphor alikuwa anaona aibu, aibu ile ya mtu mzima ambayo haina pa kuitua.

Dawa aliijua. Ulihitajika mninga mkavu wa miaka mingi. Lakini mninga wa namna hiyo hauuzwi, kwa sababu aliye nao ameukalia au ameulalia. Kwa nyeupe hapakuwa na tabu, maana Sista alikwisha kumpa benchi kuukuu la msonobari lililovunjika miguu. Tabu ilikuwa nyekundu. Jioni moja Telesphor alisimama jikoni akitazama juu, na Marsela, aliyekuwa akikoroga mboga, alimtazama yeye.

Juma lile Telesphor alikwenda Mpanda hospitali, goti lisije likaonekana la uongo. Aliporudi alikuta ubao mmoja umelazwa uani juu ya magunia, umesuguliwa masizi hadi wekundu wake umetoka. Ulikuwa mmoja wa zile fupi.

"Mama Suzana, huu ni wako," alisema.

"Najua ni wangu. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Ningechukua wangu."

"Wako mrefu. Ukiukata umeharibu ubao mzima kwa ajili ya vipande. Wangu ni mfupi."

"Nilikuahidi."

Marsela alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na sauti yake haikuwa ya kupanda.

"Baba Suzana, mimi nikishakufa sitajua nimelala kwenye nini. Wewe unajua kila asubuhi kama umekwenda kazini au hukwenda. Na mimi nakuona. Nenda karakana."

Alijua mkewe anatoa nini. Mwanamke huyu alikuwa ameuogopa ule mkeka uliolowa maisha yake yote, na sasa ameshusha kwa mikono yake ubao wa kumkinga nao, ili mumewe aamke asubuhi na kuvaa viatu. Telesphor aliuchukua ule ubao akaubeba begani hadi karakana.

Kazi ile ilimchukua wiki tano. Mninga wa juu ya jiko ulikatika mkavu, unga wake ukiwa mwepesi na wenye harufu ya moshi. Alilinganisha nyuzi za miraba yote zielekee upande mmoja, ili mti ukitaka kutanuka utanuke pamoja bila kugombana. Ukingo hakuugundisha. Aliuwekea mfereji, ubao wa kati upate pa kupumulia. Vanishi hakuigusa. Alipata nta ya nyuki kutoka Inyonga, akaiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, akaitia tapentaini kidogo, akausugua ubao kwa kitambaa cha pamba siku nne. Mafuta ya mawese alishayajaribu kwenye kipande cha pembeni, yakaleta sisimizi.

Mvua zikaja, ubao ukatulia. Upepo ukaja, ubao ukatulia. Kila shule ilipofungua muhula alivuka mashamba ya mpunga na kopo lake la nta kwenda kuutazama. Aliwazoeza wasichana kuulaza, wasiuegemeze ukutani. Wasiuweke karibu na dirisha la jua. Vumbi walifute kwa kitambaa kikavu, na atakayeona kitambaa kilicholowa akitupe mbali. Kwenye sanduku la kete aliwawekea majani makavu ya mwarobaini. Wasichana walimwita Babu Chesi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Telesphor alikuwa mtu mwenye furaha.

Pengo la juu ya jiko hakulisahau. Alinunua ubao mbichi wa mninga, akaupima kwa urefu wa Marsela, akaupandisha kwenye moshi.

"Miaka mitano," alimwambia mkewe.

"Nitasubiri," alisema Marsela.

Hakusubiri. Mwaka wa pili tangu siku ile, Machi, mvua ikiwa ya kila siku, presha ilimwangusha kisimani. Alikaa hospitali siku tatu, na siku ya nne asubuhi akafariki. Telesphor alimrudisha nyumbani, akamwacha ndani na binti yake Suzana na akina mama, akaenda moja kwa moja jikoni akaweka ngazi.

Wiliam alimsaidia kushusha. Zilishuka fupi tatu kavu na ule mpya. Telesphor aliubonyeza ule mpya kwa kidole gumba. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi, na bado ulikuwa baridi kwa unyevu.

"Tutie huohuo, Mzee," Wiliam alisema taratibu. "Utakaa chini. Hakuna wa kuona."

"Mimi nimeshauona."

Alipanda tena, akashusha mmoja wa zile ndefu. Aliulaza juu ya meza ya kazi, akaweka alama kwa penseli, akashika msumeno. Wiliam alitaka kumpokea, akamkataza kwa mkono. Aliukata mwenyewe kwa urefu wa Marsela. Ubao ule ndio aliouweka chini, pale mkewe atakapolaza mgongo.

Mchana Sista Scolastica alifika msibani na wasichana sita wamevaa sare. Baada ya kumsifu Yesu Kristo na kutoa pole, alimvuta Telesphor pembeni, chini ya upenu, akafungua kanga aliyobeba. Ulikuwa ule ubao wa chesi.

"Wiliam ametueleza mti huu ulitoka wapi, Mzee. Sisi hatukujua. Wasichana wenyewe wameamua urudi kwake. Unaweza kuingia naye kaburini."

Telesphor aliupokea. Mikono yake ikafanya kazi iliyozoea kabla kichwa hakijaamua. Aliuinua usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akautazama ukingo hadi ukingo, kisha akaugeuza akatazama upande wa pili. Ulikuwa umenyooka kama siku alipoutoa kwenye jiliwa la kubania mbao.

"Haujapinda," alisema, na hapo akalia. Hakuwa amelia hospitali wala njiani. Alilia wazi mbele ya waombolezaji wote, ubao kifuani, na wasichana wale wakalia naye.

Alipotulia aliufunga tena ndani ya kanga na kumrudishia Sista.

"Aliutoa ili nirudi kazini," alisema. "Nikiupokea leo nitakuwa namrudishia zawadi yake akiwa hana mdomo wa kunikatalia. Nendeni nao. Na mvua hii, uulazeni kabatini, msiuache mezani."

Walimzika saa tisa, ilipokatika mvua. Jumapili watu walianza kuondoka. Jumatatu asubuhi Suzana aliamka kumpikia baba yake uji, akakuta kitanda kimetandikwa. Alitoka nje akiwa na wasiwasi, akamwuliza Wiliam aliyekuwa akipita njiani.

"Yupo karakana," Wiliam alisema. "Amefungua tangu saa kumi na mbili."